Kiti Kisimzidi Mzee

Jumatatu, 2 Juni

Leo ofisini kumeletwa viti vipya vitano, na kama ningesimuliwa yaliyofuata ningemwambia msimulizi aache uongo. Ndiyo maana nimefungua daftari hili. Nililipata kwenye semina mwaka jana, likakaa sandukuni likisubiri jambo la maana, kama tunavyofanya huku kwetu na kila kitu kizuri.

Niandike vizuri, asije mjukuu wangu akapotea. Mimi ni Adventina, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, huku njia ya Kaisho. Tuko makarani watatu chumba kimoja: mimi, Nestory tunayemwita Ta kwa heshima, mwenye miaka ishirini na sita kazini, na Agnetha aliyekuja mwaka jana na kucha zake za rangi. Mbele yetu, anatutazama kama mwalimu wa zamu, anakaa Mzee Mutalemwa, mwenyekiti wetu. Msimu huu tuna kazi moja tu. Fomu elfu kumi na mbili za mashamba, kila shamba na mwenye nalo na idadi ya mibuni yake, ziingie kwenye kompyuta kabla ya tarehe 29 Agosti. Mikataba yetu inaisha Septemba. Asiyemaliza mgao wake, ajijue.

Mpaka Ijumaa mimi nilikalia kiti cha plastiki, Agnetha benchi la wakulima, Ta Nestory kigoda alichotoka nacho nyumbani. Sasa tumeletewa viti vya magurudumu, vyenye mgongo, na chini pembeni kuna kishikio cha kupandishia na kushushia. Nilipiga vigelegele! Mzee akaomba sala, tukaketi. Nailoni iliyovifunika haikutolewa, visichakae kabla wageni wa wilaya hawajaviona. Cha tano kimefungiwa stoo, cha mgeni. Cha Mzee, Ta Nestory alikipandisha mpaka mwisho, kisha akaja akaninong'oneza.

"Adventina, shusha."

"Nishushe nini?"

"Kiti. Umemzidi Mzee."

Nikatazama. Kweli, Mzee wetu ni mfupi, na hata alipopandishwa mpaka mwisho, kichwa changu kilikuwa juu yake kidogo. Nyumbani kwetu kiti cha mzee hakikaliwi, na mbele yake unakaa mkekani, ilimradi kichwa chako kisimzidi. Hilo nimelinyonya na maziwa. Lakini ofisini? Kwenye kompyuta? Na meza zetu ni zile ndefu alizotengeneza fundi kwa ajili ya kupimia kahawa watu wakiwa wamesimama!

Nikashusha. Agnetha akashusha. Ta Nestory alishashusha zamani. Sasa meza inanifika kwapani, naandika kama mtoto anayechungulia chungu cha bibi yake.

Jumanne, 3 Juni

Fomu 58. Nailoni inapiga kelele kila ukijigeuza. Aibu tupu.

Jumatatu, 9 Juni

Kiangazi kimeshika. Vumbi la barabarani linaingia mpaka ndani ya kibodi, na nje wakulima wameanika kahawa kila mahali, hata mbele ya mlango wetu; ukitoka kujisaidia unaruka mikeka. Shingo imekaza. Ma Deodatha, mama mkwe wangu, amenikanda kwa maji ya moto, akasema kazi ya kukaa haijawahi kumuumiza mtu, labda nimelala vibaya.

Nami nikakubali. Kukaa nako ni kazi ya kuumiza?

Jumatano, 11 Juni

Fomu 64. Nimempita Agnetha kwa mbili. Sikumwambia, ila nilihakikisha ameona.

Jumanne, 17 Juni

Ajabu. Asubuhi nimeamka mkono wa kulia umekufa ganzi. Gumba, kidole cha shahada na cha kati vinachoma kama vimekanyagwa na siafu. Kidole kidogo, kizima kabisa! Ugonjwa gani huu unaochagua vidole? Nikakung'uta mkono kama ninayekung'uta mkeka, ukarudi. Elick mume wangu yuko Kihanga kwenye ujenzi, nikampigia, akasema ni baridi.

Jumanne, 24 Juni

Leo nimemwaga machozi mbele ya ndizi.

Nilikuwa jikoni namenya za jioni, kazi ninayoifanya tangu nina miaka sita, naweza kuifanya huku nimefumba macho na nasengenya. Kisu kikadondoka. Nikakiokota, nikamenya moja, kikadondoka tena. Mara ya tatu kilipita karibu na mguu wa Koku, binti yangu, amekaa pale anachezea maganda. Mungu wangu! Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja.

Ma Deodatha akachukua kisu. Akamenya zote, akaosha mikono, akakaa, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umekosana na nani kazini?"

"Sijakosana na mtu, Mama."

"Mkono wa karani haufi hivi hivi. Mkono huo ndio ugali wake. Kuna mtu anautaka."

Nikacheka. Lakini nilipokuwa naosha masufuria, kicheko kikaisha. Nani analeta chai ya chupa kila saa nne na kunimiminia mimi wa kwanza? Agnetha. Nani aliniazima kalamu mwezi wa tano? Agnetha. Nani atabaki na kazi nikishindwa?

Jumatano, 25 Juni

Kalamu nimeitupa chooni. Chai nimekataa, nikasema nafunga.

"Unafunga Jumatano?" Agnetha akauliza.

"Nafunga ninapotaka."

Jumatano, 2 Julai

Fomu 39 tu. Agnetha 66. Jua la kuchoma mbuni, na yeye amevaa sweta la mikono mirefu mpaka kwenye vidole! Kila akinyoosha mkono analivuta chini haraka. Kuna kitu amefunga kwenye mkono, nimekiona kidogo, cheupe. Sasa sina shaka. Mtu mwenye sura nzuri hivi, jamani, anasali mbele kanisani, kumbe!

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, ofisi imefungwa tangu Ijumaa jioni. Siku tatu sijagusa kompyuta. Mkono mzuri, nimemenya ndizi zote mwenyewe. Ma Deodatha anasema ni dawa aliyoichemsha. Mimi nasema ni chai ya Agnetha niliyoiacha. Tumebishana mpaka chakula kikapoa.

Jumanne, 8 Julai

Kufika saa sita mchana, ganzi imerudi. Na chai sijanywa.

Jumanne, 15 Julai

Sijui nianze wapi. Makubwa haya, na madogo yana nafuu.

Saa nne, Ta Nestory alishika kikombe chake cha chai ya moto. Nilikuwa namtazama. Hakukigonga popote wala hakusukumwa. Kikombe kilimtoka mkononi chenyewe, kama kimeamua kuondoka, chai ikamwagika kwenye fomu na kwenye mapaja yake. Mzee alikuwa nje kwenye mizani. Agnetha akakimbilia tambara, mimi nikamshika Ta Nestory mkono nione kama ameungua.

Nikaugeuza.

Kila mtu ana nyama pale kiganjani chini ya kidole gumba, pale panapovimba ukikunja ngumi. Mimi ninayo, Koku ninapomnawisha anayo. Ta Nestory hana! Pamekuwa bonde. Ngozi imelalia mfupa, unaona kabisa mfupa unavyopita. Nilishika mkono wa mtu aliye hai, nikahisi nimeshika mkono wa maiti.

"Ta Nestory, nini hiki?"

"Uzee," akasema, akauvuta.

"Uzee gani wa mkono mmoja? Lete wa kushoto!" Wa kushoto una nyama, si nyingi, lakini ipo.

Ndipo nikaelewa ile penseli. Miaka yote tunamcheka kwamba Ta Nestory anaandika kompyuta kwa penseli: anaikamata kwenye ngumi na kubonyeza herufi kwa kile kifutio cha nyuma. Tulidhani ni madaha ya watu wa zamani wasiotaka kugusa mashine. Kumbe vidole vyake havibonyezi! Miaka mingapi? Nikamuuliza hivyo hivyo, sikuweza kujizuia.

"Minne," akasema. "Usipige kelele, binti yangu. Ilianza na ganzi. Vidole vitatu, asubuhi."

Nikakaa chini. Siyo kwenye kiti, nilikaa sakafuni kwenye chai.

"Adventina, nakuomba," akasema, na huyu ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akiomba hata chumvi. "Mzee asijue. Mkataba unasema afya njema. Nina mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu."

Nikaapa. Lakini nimerudi nyumbani nimeuona mkono wangu wa miaka minne ijayo.

Na jambo lingine. Miaka minne iliyopita Agnetha alikuwa bado yuko shule. Sasa Ta Nestory alirogwa na nani?

Jumatano, 16 Julai

Niliaga kwamba nampeleka Koku kliniki. Mungu anisamehe, nilimpeleka, ila aliyetibiwa ni mimi.

Kwenye hospitali ya misheni kuna mtaalamu wa viungo, anaitwa Benadeta, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkulima. Alinigongagonga kwenye kifundo cha mkono, nikaruka, umeme ulipiga mpaka kwenye kucha. Akanikunjisha viganja, akahesabu, ganzi ikaja kabla hajafika thelathini.

"Kidole kidogo kizima?"

"Kizima! Umejuaje?"

"Kazi yako?"

"Karani."

"Unakaaje?"

"Nakaa vizuri tu."

Akanivutia kiti mbele ya meza. "Nioneshe."

Nikatafuta kigoda cha mtoto kwenye kona, nikakikalia, nikainua mikono juu ya meza kama ninavyofanya kila siku, viganja vimepinda kuelekea juu, mabega masikioni, kidevu mbele. Benadeta akasimama pale amejishika kiuno.

"Wewe mama, unafanya utani?"

"Hapana, ndivyo tunavyokaa."

"Saa ngapi kwa siku?"

"Nane. Tisa."

Akashika tama. Kisha akanieleza, na nayaandika yote maana sitaki kuyasahau. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole vile vitatu na sehemu ya cha nne unapita kwenye kifundo cha mkono kwa njia nyembamba. Ukiupindisha mkono kutwa nzima unaubana, kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji. Mwanzo ni ganzi. Baadaye ni kudondosha vitu. Mwisho nyama ya gumba inakauka, na ikishakauka, akasema, "Sikudanganyi, kurudi ni shida."

"Kwa hiyo sijarogwa?"

"Hujarogwa. Umekaa vibaya."

Nilihisi nimepigwa kofi. Wiki tatu nimemchukia binti wa watu kwa sababu ya kiti!

Dawa yenyewe haina hata harufu. Kiti kipande mpaka viwiko viwe sawa na meza, mkono ulale umenyooka. Miguu ikanyage chini, au kwenye tofali. Kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho. Kila nusu saa usimame, ujinyooshe. Wakati wa kulala nifunge mkono kwenye kibao alichonipa. Wiki sita, ataniona tena.

"Tatizo kiti chenu hakipandi?" akauliza.

"Kinapanda. Kina kishikio. Ila hatukipandishi."

"Kwa nini?"

"Tutamzidi Mzee."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa koti. Halafu akaacha ghafla, akaniuliza tuko wangapi mle ndani. Nikamwambia habari ya mkono wa Ta Nestory bila kumtaja jina. Hakucheka tena. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Mwambie aje."

Ijumaa, 18 Julai

Nimepandisha kiti. Na nimekishusha. Nitaandika kwa kifupi maana nina hasira na nafsi yangu.

Nilifika mapema, nikakiinua mpaka viwiko vikalala mezani. Raha iliyoje! Wakaja wengine. Ta Nestory akanitazama kana kwamba nimekuja uchi. Mzee akaingia, akaketi, akainua macho. Chumba kizima kikanyamaza, hata nailoni.

"Adventina," Mzee akasema, "leo umekuwa mrefu."

Watu wote wakacheka, wakulima dirishani nao. Nilitaka kusema. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima: Mzee, waitu, kwa heshima zote, mtaalamu kasema hivi na hivi. Badala yake nikacheka nao. Ta Nestory akainama, akapeleka mkono chini ya kiti changu kukivuta kile kishikio. Vidole vikateleza. Akajaribu tena, gumba likagoma. Mwishoni akakiinua kwa kifundo cha mkono, nikashuka puuu mpaka chini, mbele ya watu wazima.

"Heshima, binti yangu," akaninong'oneza.

Jumatano, 23 Julai

Fomu 31. Kisu kimedondoka mara mbili.

Ijumaa, 25 Julai

Upepo, moshi wa rweya, zile nyika za nyasi, zinazoungua, macho yanawasha. Lakini leo nimepata kicheko na mshtuko kwa siku moja.

Tangu Jumatatu nimebuni ujanja. Mzee akitoka na pikipiki yake, napandisha. Nikiisikia ikirudi pale kwenye kona ya kanisa, nashusha. Leo nilizama kwenye fomu, sikuisikia. Agnetha akapiga kelele, "Anakuja!" na kuruka kushusha kiti chake. Chake! Na chenyewe kilikuwa juu!

Nikashusha changu, tukatazamana. Mzee akaingia, akachukua miwani yake, akatoka tena.

"Wewe umeanza lini?" nikauliza.

Agnetha akasogea mpaka mezani kwangu, akapandisha mkono wa sweta. Bandeji, tangu kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko. Ndicho kile kitu cheupe! Tena imekuwa chafu maana anaogopa kuifua na kuianika kwao, wasije wakamwona.

Nikamwambia ukweli wote, kalamu, chai, dawa ya Ma Deodatha, yote. Nilitegemea anitukane. Agnetha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Dada Adventina, mimi nilijua ni wewe! Ulipokataa chai yangu ndipo nikaamini kabisa. Nimekunywa maji ya baraka wiki nzima kwa ajili yako!"

Haki ya Mungu. Wanawake wawili, meza mbili, kila mmoja anamkwepa mchawi mwenzake, na mchawi tumemkalia.

Jumanne, 5 Agosti

Ta Nestory amekuja na sweta limevaliwa shingoni tu, shati ndani limefungwa vifungo vya juu kwenye matundu ya chini. Mke wake amesafiri kwenda msibani. Nimemwambia kuhusu Benadeta mara ya tatu. "Baada ya msimu," akasema.

Agnetha na mimi tumeamua. Mzee haambiwi jambo ofisini mbele ya watu. Jambo la mzee linapelekwa nyumbani kwake. Tutakwenda Nanenane.

Ijumaa, 8 Agosti

Nikiandika haya bado siamini macho yangu.

Tulibeba mkungu wa ndizi, tukafika kwenye kibanja cha Mzee saa tatu. Mke wake akatupokea, tukapiga magoti tukasalimia, akatuketisha mkekani, akatuletea kikapu kidogo cha akamwani. Nilitafuna zile buni bila kuzionja. Kiti cha Mzee kiko pale ukutani, kirefu, cha mninga, kitupu.

"Mzee yuko wapi?" nikauliza.

"Nyuma. Nendeni tu, hawezi kuinuka."

Tukazunguka. Mzee Mutalemwa, mwenyekiti wetu, mtu ambaye kwa ajili yake tumejikunja wiki kumi, alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi. Imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Nyuma ya mapaja, pale suruali ilipokunjwa, kuna michirizi miekundu.

"Shikamoo Mzee," tukasema, na tukasahau hata kupiga magoti.

"Marahaba. Mmekuja kuniona nikifa?"

"Mzee, umepatwa na nini?"

"Kile kiti chenu!" akasema kwa hasira. "Tangu Juni kinaniua. Miguu inaning'inia kama ya kuku sokoni, haigusi chini. Saa nane! Ukingo unanikata hapa, nikishuka siisikii miguu, nashika ukuta. Nilidhani ni kisukari, nimepimwa, sina."

Agnetha akaniminya. Nikasema, "Lakini Mzee, si ungekishusha?"

"Nikishushe kwa kitu gani? Nestory alikipandisha, hakuniambia kinashukia wapi. Nikaona aibu kuuliza. Mwenyekiti mzima aulizieje kiti?" Akanyoosha kidole kwangu. "Siku ile wewe uliporefuka nilifurahi, nikasema huyu anajua siri yake, nitamuuliza. Kabla sijafungua mdomo nikaona umezama."

Jamani! Nilishika kichwa. Leo umekuwa mrefu! Yale maneno yaliyonizamisha mbele ya wakulima, kumbe yalikuwa maswali!

Nikafungua mdomo na sikufunga tena. Nilimwambia kwamba tulishuka kwa ajili yake. Nilimwonesha mkono wangu, Agnetha akafungua bandeji. Kisha nikavunja kiapo, nikamwambia habari ya mkono wa Ta Nestory, penseli, bonde, miaka minne.

Mzee akatoa miguu kwenye maji.

"Mnataka kuniambia," akasema, "mmekaa chini mkaumia ili nikae juu niumie?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hakuna aliyesema."

"Hata wewe hukusema, Mzee."

Likanitoka hivyo hivyo. Mke wake akaguna kule mlangoni. Mzee akanitazama, nami nikangoja radi.

"Hata mimi sikusema," akasema.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee alifika kabla yetu. Nailoni zote ziko nje kwenye rundo la maganda ya kahawa. Kiti cha tano kimetolewa stoo.

Akasimama katikati. "Sikilizeni. Jembe langu nimelikatia mpini wa urefu wangu. Nestory akiliazima atavunja mgongo, maana yeye ni mrefu. Je, nimewahi kumwambia akate mpini mfupi ili aniheshimu? Kiti hiki ni jembe. Kila mtu akate mpini wake. Heshima si utumwa. Mniheshimu kwa kunisalimia."

Kisha, mbele ya wakulima wote dirishani, akaniita. "Njoo unioneshe kinashukia wapi."

Nikamwonesha. Alishuka taratibu, akashuka, akashuka, mpaka soli za viatu zikagusa sakafu. Akafumba macho. "Ahaa," akasema. Ndiye sasa aliye chini kuliko wote, na meza yake imekatwa miguu.

Sisi tukapanda. Agnetha kawekewa magunia mawili yaliyokunjwa chini ya miguu. Kompyuta zimeinuliwa kwa matofali. Kila nusu saa Mzee anagonga ile reli tunayoitia wakulima kwenye mizani, tunasimama, tunajinyoosha, na watu wa foleni nje nao wanajinyoosha wakidhani ni utaratibu wa serikali.

Ta Nestory hakunisemesha kutwa nzima. Nimevunja kiapo, ninajua.

Jumanne, 19 Agosti

Fomu 61. Asubuhi ganzi kidogo tu. Chai ya Agnetha nimekunywa vikombe viwili.

Ijumaa, 22 Agosti

Mzee mwenyewe alimpakia Ta Nestory kwenye pikipiki, wakaenda kwa Benadeta. Wamerudi saa tisa. Mkataba hauguswi, Mzee ameapa mbele yetu, atapewa kazi ya kukagua fomu. Kuna upasuaji, akapelekwe Bukoba; utazuia ugonjwa usizidi, na mkono wa kushoto, ambao nao umeanza, utapona kwa kukaa vizuri. Lakini nyama ya ule wa kulia, Benadeta amesema asiitegemee.

Nilidhani nimejiandaa kusikia. Sikuwa nimejiandaa. Miaka minne, na dawa ilikuwa mpini wa kiti.

Ijumaa, 29 Agosti

Tumemaliza! Fomu ya mwisho imeingia saa sita na robo. Wakati tunashangilia, matone ya kwanza ya mvua yakapiga bati, tukakimbia wote kukusanya kahawa kwenye mikeka, Mzee naye anakimbia na miguu yake mizima, anatukana mawingu. Asubuhi nilimenya ndizi za watu wanane, kisu hakikudondoka, Ma Deodatha akasema dawa yake inachelewa lakini haikosei. Nimemwachia.

Mvua ilipokatika akaja mpiga picha, atupige ya kumaliza kazi. Ta Nestory akanijia, mara ya kwanza tangu Nanenane. Kola ya shati iko wazi.

"Nifunge," akasema.

Nikaanza na kifungo cha chini. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, nikaona aibu jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Siku ile ulipopandisha kiti," akasema, "aliyekushusha ni nani?"

"Tuyaache, Ta Nestory."

"Ni mimi. Kwa mkono huu." Akauinua katikati yetu, na lile bonde lake. "Mkono ulishakataa kufanya kitu kidogo kama kile. Nikaulazimisha."

Mzee alikuwa anatuita, mwanga unaondoka. Nikamfunga kifungo cha mwisho, nikamnyoosha kola, tukaenda kukaa.